Kula kwa Utulivu Ili Ujue Unachohisi: Mwongozo Kamili kwa Mlaji wa Mwanza

Jambo moja liwe wazi mapema: mwongozo huu hauhusu kupunguza kitambi. Wapo wanaoanza kula kwa utulivu wakapungua, na wapo wanaoongezeka kwa sababu kabla ya hapo walikuwa hawali vya kutosha. Hayo tuuachie mwili. Tunachotafuta hapa ni habari. Kila siku unakaa mbele ya chakula mara mbili au tatu, na kila mara kuna jambo unalihisi: umekasirishwa na mtu, una wasiwasi na marejesho ya kikoba, umechoka, unamkumbuka aliyesafiri. Ukila huku umeinamia simu, hayo yote yanapita bila kuonekana, kisha usiku unashangaa kwa nini umewafokea watoto.

Tumbo na hisia vina njia za pamoja. Kuna neva ndefu iitwayo vagasi inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni, na nyuzi zake nyingi kazi yake ni kupandisha taarifa, kutoka tumboni kwenda juu. Sehemu ya ubongo iitwayo insula hupokea taarifa za ndani ya mwili kama njaa, kiu na mapigo ya moyo, na hiyo hiyo hushughulika tunapohisi hofu au kinyaa. Ndiyo maana mtu aliyepokea habari mbaya husema chakula hakipiti, na ndugu yake aliyepokea habari ile ile anamaliza sufuria nzima.

Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha mafunzo ya kukabili msongo wa mawazo katika kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani. Zoezi lake lililopata umaarufu ni la kula punje moja ya zabibu kavu, polepole mno, kana kwamba hujawahi kuiona. Baadaye mwanasaikolojia Jean Kristeller alitengeneza programu nzima ya kula kwa namna hiyo kwa ajili ya watu wanaokula kupita kiasi wakiwa na msongo. Zabibu kavu Mwanza zinauzwa supamaketi. Dagaa wako kila kona, kwa hiyo tuanze na dagaa.

Kabla ya yote: dagaa mmoja

Zoezi hili fanya mara moja tu, nyumbani, usipochekwa. Mchukue dagaa mmoja mkavu aliyekaangwa, umweke kiganjani. Mtazame: ana jicho, ana mng'ao wa fedha ubavuni, mkia umejikunja kwa moto wa mafuta. Mnuse. Mweke ulimini bila kumtafuna, uvute pumzi tatu. Chumvi inafika kwanza. Sasa mng'ate. Kichwa kinavunjika kwa mlio wake, halafu tumbo linaacha uchungu kidogo nyuma ya ulimi. Kama alianikwa mchangani badala ya kwenye chanja, jino litakuambia. Mtafune mpaka aishe kabisa, umeze, na usichukue wa pili mpaka mdomo uwe mtupu.

Kisha jiulize: katika dakika hiyo moja, nini kilitaka kukuondoa? Wengine wanakuta haraka ambayo haina sababu, maana hakuna wanakokwenda. Wengine wanakuta aibu ya kumkodolea macho dagaa. Kuna wanaokuta uchovu mkubwa uliokuwa unasubiri wakae chini. Chochote ulichokikuta ni hisia ya kwanza uliyoipata kwa njia hii, na namna ya kuipata haitabadilika sana hata ukifika kwenye sahani nzima.

Hatua ya kwanza: chagua mlo

Usianze na chakula cha mchana cha kazini. Saa saba mchana, njaa inakutetemesha, watu wanasubiri kiti chako kwa mama lishe, konda anaita abiria wa Igoma pale nje: hutasikia chochote zaidi ya njaa. Usianze pia na sinia la pamoja. Sababu nitaieleza mbele.

Kinachofaa ni mlo mdogo wa kawaida, unaorudiwa kila siku mahali pale pale. Mimi naipigia kura chai, iwe ya alfajiri kabla nyumba haijaamka au ile ya saa kumi jioni. Chai na chapati moja, au na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, iliyochemshwa kwa karanga. Chai ya moto haiharakishwi, inaunguza, na michembe inataka kutafunwa hasa.

Simu iwe chumba kingine. Kuilaza kifudifudi mezani hakutoshi, kwa sababu ikitetemeka tu mkono umeshaenda. Televisheni ya mgahawani huwezi kuizima, hasa siku ya mechi, basi kaa ukiipa mgongo. Dakika kumi zinatosha, mlo mmoja kwa siku unatosha. Anayeahidi milo yote mitatu kuanzia Jumatatu, Jumatano huwa ameshaacha.

Hatua ya pili: tumia kunawa

Katika maelekezo ya wenzetu wa mbali utaambiwa ufumbe macho, ukae mkao fulani, pengine upige na kengele. Sisi tuna kunawa. Maji yanapomiminwa mikononi kwa jagi, hakuna anayeweza kushika simu wala kula. Ni sekunde kama kumi na tano ambazo tayari ni zako. Zitumie kujiuliza mambo matatu.

Njaa iko wapi? Isikilize mahali ilipo. Njaa yenyewe hukaa tumboni: utupu, mngurumo, baadaye ulegevu wa mikono na hasira za bure. Lakini unaweza kukuta tumbo limetulia ila mdomo ndio unataka kazi, au koo limekaba, au kifua kimebana.

Mara ya mwisho nilikula lini, na nini? Kama saa moja iliyopita ulimaliza ugali na nyama ya kuchoma, hiki kinachokuita sasa kina jina lingine.

Nini kimetokea katika saa hii? Pengine ndugu kapiga kutoka kijijini anaomba ya hospitali. Pengine umeona kwenye simu mwenzako mliyemaliza naye shule amesimama mbele ya nyumba yake mpya. Au mteja amekurudishia mzigo.

Ukibaki na mashaka, kuna kipimo cha kiporo. Jiulize: kama pangekuwa na ugali wa jana tu na mlenda uliopoa, ningekula? Njaa ya mwili huja polepole na hukubali chochote kilichopo. Njaa ya hisia huingia ghafla na inataka kitu maalumu: chipsi mayai, soda ya baridi, sambusa za yule mama wa kona ile, si za mwingine. (Kiporo cha wali na chai hakifai kwa kipimo hiki. Kila mtu anakipenda.)

Usijifanye hakimu. Mara nyingi utakuta zote mbili zipo, una njaa na una hasira. Jibu likiwa "sina njaa, nina upweke", bado unaruhusiwa kula. Kazi yako kwa sasa ni kujua tu.

Hatua ya tatu: matonge ya kwanza

Kama kuna chakula kinachofundisha utulivu bila hotuba, ni sato mzima wa kukaanga. Sangara wa mapande unaweza kumla huku unasoma meseji, kwa sababu miiba yake ni mikubwa na inaonekana. Sato hakubali. Ana miiba myembamba inayojificha kwenye mnofu, na asiyekuwa makini anaishia kumeza tonge kavu la ugali kusukuma mwiba huku wenzake wanampiga mgongoni.

Anza na ugali. Kata tonge, liache kwanza vidoleni usikie moto wake, ulifinyange, utie shimo kwa dole gumba. Usiende haraka kwenye mchuzi. Tonge moja lile tupu, utafune mpaka utamu mdogo wa mahindi utokee. Utamu huo upo kweli: mate yana kimeng'enya kinachoanza kuvunja wanga kuwa sukari mdomoni. Mwenye haraka huwa hakutani nao.

Sasa samaki. Anza mgongoni, pale kwenye chanjo alizokatwa kabla ya kuingia kwenye mafuta. Kingo zake ni ngumu, chumvi na ndimu vimekaa humo. Shuka ubavuni, vidole vikipapasa mwiba kabla ya mdomo. Tumbo ni laini na lina mafuta, ladha yake si ya mgongo. Mashavu ni kipande kidogo kuliko vyote, na wanaojua huyaacha mpaka mwisho. Kachumbari iwe pembeni, iguse mara moja moja ili ulimi usizoee.

Wakati vidole vinatafuta mwiba, akili inakuwa hapo. Halafu itaponyoka. Utashtuka umekula ubavu mzima bila kumbukumbu. Usijilaumu na usiirudishe akili mbio. Kwanza angalia ilikuwa wapi. Ilikuwa inamjibu bosi? Inahesabu hela? Iko Ukerewe kwa mama anayeumwa? Ilikokwenda ndiko kwenye jambo, na ikienda huko huko mara tatu katika mlo mmoja, huhitaji mtaalamu akuambie kinachokusumbua.

Kama huna sato, chukua chochote cha kuchambua kwa mkono: chungwa la Ukerewe, karanga za maganda, hindi la kuchoma.

Hatua ya nne: hisia ikijitokeza

Hapa ndipo pa kukaa kwa muda, kwa sababu hisia ikitokea wengi huongeza tonge kuiziba.

Fanya hivi. Mkono utulie pembeni ya sahani. Itaje hisia kimyakimya kwa neno la kawaida unalotumia kila siku: nina hofu, nina wivu, nimekasirika, nimechoshwa. Itafute ilipo mwilini: taya, koo, kifua, tumbo, mabega. Vuta pumzi mbili tatu, kisha endelea kula. Usiichambue chanzo chake hapo hapo, chakula kitapoa.

Ulaji wenyewe utakudokeza. Mwenye hasira hutafuna kwa nguvu na meno husikika. Akimaliza, taya zinauma. Mwenye wasiwasi humeza kabla ya kutafuna, tonge linalofuata limeshaandaliwa wakati la kwanza bado liko mdomoni. Huzuni huondoa ladha: mchuzi ule ule uliousifia juzi leo unaonekana hauna chumvi. Upweke una tabia ya ajabu kidogo, unakufanya uendelee kula ukiwa umeshiba, kwa kuwa ukimaliza itabaki sahani ya kuosha na ukimya. Na ukijikuta unakula kwa kujificha, mandazi ndani ya mkoba, uso umegeukia ukutani, hapo kuna aibu, na aibu hiyo mara nyingi ilikuwepo kabla ya mandazi. Hizi ni dalili za kuanzia tu. Kuna watu wakiwa na furaha ndio wanameza bila kutafuna.

Chukulia mama anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba. Mbalamwezi ikiwa kubwa, wavuvi wa dagaa hupumzika, kwa sababu taa zao hazivuti dagaa vizuri ziwa likiwa limeangazwa na mwezi. Biashara inalala. Mkopo wa kausha damu haulali. Katika siku hizo mama huyu anajikuta anakunywa chai na maandazi tangu asubuhi hadi jioni, na anasema ni kwa sababu hana kazi ya kufanya. Siku akinawa na kujiuliza yale matatu, anakuta tumbo limejaa na kifua kimebana, na akili kila ikiponyoka inakwenda Ijumaa, siku ya marejesho. Sasa ana jambo la kufanya ambalo andazi haliwezi kumfanyia: kwenda kwa kiongozi wa kikundi Jumatano, kabla hawajamfuata, aombe wiki moja ya nafasi. Anaweza kukataliwa. Lakini anajua anapambana na nini.

Hatua ya tano: katikati ya sahani

Ukifika nusu, simama kidogo. Kunywa maji. Linganisha tonge hili na la kwanza: ladha imepungua? Kwa kawaida chakula hupoteza utamu kadiri mwili unavyotosheka nacho, na hiyo ni alama nzuri kuliko sahani kuwa tupu. Taarifa za shibe huchukua kama dakika 20 kutoka tumboni na kwenye utumbo hadi ubongo uzielewe vizuri, kwa hiyo anayemaliza kwa dakika sita huwa amepitiliza kabla hajajua. Ukiona umetosheka na kuna kilichobaki, funika. Ukiona bado, endelea.

Hatua ya sita: mstari mmoja wa daftari

Baada ya kula, andika mstari mmoja. Daftari la shule linatosha, au jitumie sauti kwenye simu sasa kwa kuwa umeshamaliza. Andika saa, chakula, njaa ilikuwa wapi, hisia gani ilijitokeza na akili ilikuwa wapi. Kwa mfano:

"Saa kumi. Chai, chapati mbili. Njaa tumboni kidogo. Hasira, taya. Yule wa stoo."

"Saa mbili usiku. Wali, maharage. Sikuhisi kitu. Nilikuwa naangalia taarifa ya habari."

Mstari wa pili una thamani kama wa kwanza, usiufute. Usihesabu kalori, usiandike "nimekula sana". Baada ya wiki mbili keti usome yote kwa mkupuo. Utaona kinachojirudia: kila Jumapili jioni soda mbili, au kila baada ya simu ya mtu fulani chipsi.

Ukila na watu

Huu ndio ugumu wenyewe wa kwetu, na maelekezo mengi yanaupita kwa sababu yameandikwa na watu wanaokula kila mtu na sahani yake. Kwenye sinia, mwenye utulivu analala njaa. Ukikaa unasikiliza pumzi, vijana wameshamaliza nyama na wewe unabaki na mchuzi. Kwa hiyo kwenye sinia usijaribu mlo mzima. Chukua tonge la kwanza tu kwa utulivu, baada ya hapo kula kama watu, na uangalie jambo moja: nani mezani anakufanya uharakishe, na nani akiwepo chakula kinapita vizuri. Habari hiyo peke yake inaweza kukutosha mwezi mzima.

Ukiwa mgeni na umeshashiba, ukaongezewa, pokea kidogo. Kukataa chakula cha mama mkwe kwa sababu unafanya zoezi la utulivu ni kutafuta kesi. Sema tu, "Nimeshiba mama, chakula kilikuwa kitamu, naomba kidogo sana." Na msibani kula. Chakula cha msibani kimepikwa kwa ajili ya huzuni, na kula pamoja na waliofiwa ni namna ya kuishika huzuni hiyo kwa mikono mingi. Sikubaliani na wanaosema mtu asile kamwe akiwa na majonzi.

Kuna mtu mmoja ambaye ratiba zote hizi humsahau: anayepika. Mama wa nyumba anaonja jikoni, anapakua, anawakumbuka waliochelewa, kisha anakula ukoko amesimama karibu na jiko. Kama ni wewe, hatua yako ya kwanza ni kiti. Pakua chakula chako kwanza, kifunike, na ukikaa kula, asiyeungua asikuite. Wengi wanaofanya hivi kwa mara ya kwanza wanakutana na kinyongo cha muda mrefu kabla hata ya tonge la tatu.

Mfungo nao ni nafasi nzuri, Ramadhani au Kwaresima. Njaa ya mchana unaijua ilivyo, kwa hiyo jioni, tende ya kwanza na maji ya kwanza hakuna haja ya kufundishwa namna ya kuvisikia. Shida huja dakika kumi baadaye, futari ikiwa imeenea mkekani.

Nani asifanye bila msaada

Mwenye kisukari anayetumia insulini asicheleweshe mlo kwa sababu anajiuliza njaa iko wapi. Ale kwa saa alizopangiwa, utulivu uje wakati anakula. Vivyo hivyo kwa anayemeza dawa zinazotaka chakula, na mwenye vidonda vya tumbo aliyeambiwa asikae na njaa. Kama uliwahi kujinyima chakula kwa makusudi au kujitapisha, kuutazama ulaji wako kwa karibu hivi kunaweza kukurudisha huko, basi anza na mtaalamu kwanza. Na kama nyumbani chakula hakitoshi, huna tatizo la utulivu. Unahitaji chakula, na zoezi hili lisitumike kukuambia uridhike na kidogo.

Ikiwa daftari linaonyesha huzuni karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, chakula hakina ladha, usingizi umeharibika na mambo uliyoyapenda hayakuvutii tena, nenda kituo cha afya, nao wakiona inafaa watakupa rufaa hadi hospitali kubwa kama Bugando. Ukijiwa na mawazo ya kujidhuru usisubiri wiki mbili. Mwambie mtu uliye naye na uende siku hiyo hiyo. Daftari nenda nalo. Daktari atakuuliza hali hii ilianza lini, unakulaje, unalalaje, na mistari ile itakuwa na majibu ambayo mdomo, ukiwa mbele ya meza yake, hauyakumbuki.